Nilete mhandisi kukagua nyumba mpya aliyotutafutia mjomba?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam, mama wa watoto wawili. Tangu tuoane tumekuwa wapangaji: Tandika, kisha Mbagala, sasa Chang'ombe. Mwaka huu Mungu ametufungulia njia. Kuna kampuni binafsi imejenga nyumba za kuuza Kigamboni, za chini, vyumba vitatu, kimoja masta. Bei ni shilingi milioni 115. Tumeshatoa milioni tano za kushikia nyumba, na nyingine 35 ziko tayari. Kati ya hizo, 22 ni za kiwanja alichoniachia marehemu baba kule Mkuranga, nilichokiuza kwa shingo upande. Zilizobaki ni mkopo wangu wa SACCOS na akiba ya mume wangu. Milioni 75 tutakopeshwa na benki, tuzilipe kwa miaka 15. Baada ya wiki tatu tunatakiwa kusaini.

Nyumba hii tumeipata kupitia mjomba wa mume wangu, ambaye ni msimamizi wa saiti kwenye mradi huo. Mjomba huyu ndiye aliyemsomesha mume wangu baba yake alipofariki. Ametutafutia nyumba ya kona yenye eneo kubwa kidogo, na akatuombea punguzo la milioni nne. Ninamheshimu sana na sina sababu ya kumfikiria vibaya.

Lakini Shangazi, kuna mambo nimeyaona. Tulipokwenda mara ya kwanza masika ilikuwa imekolea. Kwenye chumba cha nyuma, ukutani chini, kulikuwa na alama ya unyevu iliyopanda kama shubiri moja kutoka sakafuni. Rangi ilikuwa imevimba, na nilipoigusa ikabaki kidoleni kama unga. Sebuleni kuna ufa uliotoka kona ya dirisha ukapanda kimshazari kuelekea darini. Tuliporudi mvua zilikuwa zimekatika. Chumba kile kimepakwa rangi upya na ufa umezibwa. Nikamuuliza kijana wa mauzo, akasema, "Mama, hiyo ni plasta tu. Nyumba mpya zote huwa hivyo mpaka zikae sawa."

Mwalimu mwenzangu ana kaka yake mhandisi. Amekubali kuikagua kwa shilingi laki sita. Nilipomwambia mume wangu alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Ukimpeleka mhandisi pale, umemwambia mjomba usoni kwamba ni mwizi. Mimi sitakuwa na uso wa kumtazama." Akaongeza kuwa benki ilishamtuma mtu wao, akaipima nyumba na mkopo ukapita, na manispaa nayo ilikagua. Kwa hiyo tunatafuta nini tena?

Mwalimu mwenzangu ananishauri niende na kaka yake Jumamosi moja mjomba akiwa hayupo, niseme ni ndugu yangu amekuja kuiona nyumba. Nikipata majibu nitajua la kufanya. Roho yangu inataka, lakini inaogopa. Nikikaa kimya na nyumba ikawa mbovu, nitakuwa nimezika urithi wa baba yangu kwenye kuta zenye maji. Nikienda kwa siri na ikajulikana, nitakuwa nimebomoa ukoo. Nishauri, Shangazi.

Mwalimu, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu.

Ninavyoielewa barua yako, una mambo mawili ambayo yamekuja kwa wakati mmoja mpaka yanaonekana kuwa ni jambo moja. Kuna ukuta uliouona ukiwa na maji, ukauona tena ukiwa umepakwa rangi, na hakuna aliyekueleza kilichofanyika katikati. Halafu kuna mjomba, mtu aliyewafaa, na mume anayeona kuwa swali lolote kuhusu ukuta ni swali kuhusu mjomba. Umebanwa kwa sababu kila ukilishika la kwanza, la pili linakuja nalo. Tujaribu kuyatenganisha tuone kama yatakubali.

Nianze na ukuta. Mume wako anasema nyumba imeshakaguliwa mara mbili. Sidhani kama anakudanganya, wengi wanaelewa hivyo. Lakini mtu wa benki ni mthamini. Kazi yake ni kuiambia benki kwamba mkikwama kulipa, nyumba hiyo ikiuzwa italeta kiasi gani. Hutazama eneo, ukubwa, barabara na bei za jirani. Hapandi darini kuangalia kenchi, na ripoti yake ameiandika kwa ajili ya benki, si kwa ajili yako. Halmashauri nayo hutoa kibali cha ujenzi, na wakaguzi wake hutakiwa kupita hatua kwa hatua kuona kama ramani na taratibu vinafuatwa. Ni kazi muhimu, lakini hawaendi nyumba kwa nyumba wakigonga marumaru na kujaza maji bafuni kwa niaba ya mnunuzi. Kwa hiyo swali la "tunatafuta nini tena" lina jibu: mpaka leo hakuna mtu aliyeingia nyumba ile akiwa upande wenu.

Hata neno "mpya" linatupumbaza kidogo. Nyumba iliyokaliwa miaka kumi imeshaonyesha tabia zake, unaona pale ilipovuja na pale ilipopasuka. Mpya haijaonyesha kitu. Vyoo havijatumika na familia, shimo la maji taka halijajaa, pengine paa limepigwa na masika moja tu. Na masika hiyo moja, kwa bahati yako, ulikuwepo.

Unyevu uliouona chini ya ukuta unaweza kuwa na sababu zaidi ya moja. Inawezekana bomba linavuja ndani ya ukuta, au maji ya mvua yanatuama nje kwa sababu udongo umejazwa juu mno, na hayo yanatengenezeka. Inawezekana pia kwamba zuio la unyevu kati ya msingi na ukuta liliwekwa vibaya au halikuwekwa kabisa. Hapo tofali za saruji hunyonya maji ya ardhini na kuyapandisha, maji yakikauka chumvi inabaki, nayo ndiyo huvimbisha rangi na kuacha ule unga ulioushika. Maeneo ya karibu na bahari kama Kigamboni yanalijua sana tatizo hili, hasa pale mchanga au maji ya kujengea yalipokuwa na chumvi. Rangi mpya hulificha mpaka mvua zijazo. Mimi siwezi kukuambia kwa barua ni lipi kati ya haya, na wala kijana wa mauzo hawezi kwa kuangalia tu.

Ufa nao una maelezo zaidi ya moja. Kijana hakusema uongo: plasta ikikauka hunywea, na nyufa nyembamba kama unywele hutokea sana kwenye nyumba mpya bila madhara. Ila ufa unaoanzia kona ya dirisha na kupanda kimshazari huwafanya mafundi wasimame. Huenda ni plasta, huenda lenta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, haikuingia vya kutosha pande mbili za dirisha, huenda upande mmoja wa msingi unatitia. Wanaojua kazi huweka alama ya penseli kwenye ncha za ufa na kuandika tarehe, kisha hurudi kuona kama umevuka alama. Wenu umezibwa, hivyo alama ya kwanza imepotea. Ukifunguka tena mahali pale pale, hilo litakuwa limesema kitu.

Najua pia neno "ukaguzi wa jengo" linatukumbusha nini hapa mjini. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi likiwa linajengwa na kuua watu 36. Novemba 2024 tukalia tena, jengo lilipoanguka Kariakoo. Nyumba yenu ni ya chini na sitaki ulale ukiota hayo. Kinachozitesa nyumba za aina hii ni vitu vya polepole: maji, paa, umeme usio na ethi (waya wa ardhini) ya maana, mabomba yaliyopachikwa kwa haraka. Haviui kwa siku moja. Vinakula mshahara mwezi kwa mwezi, juu ya rejesho la benki.

Sasa huyo mhandisi. Umenieleza kuwa ni kaka wa rafiki yako na bei yake, basi. Mimi ningependa kujua zaidi kabla ya kumwamini kwa laki sita. Je, ni mhandisi wa ujenzi, au wa umeme, au wa mitambo? Amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi? Hilo unaweza kulithibitisha kwenye bodi yenyewe. Je, atakupa ripoti ya maandishi yenye picha, jina na muhuri wake, au atakwambia kwa mdomo "iko poa" mkiwa kwenye bajaji? Na je, mradi ule au kampuni ile vina uhusiano wowote naye? Mkaguzi wa kujitegemea ni yule ambaye hapati chochote mkinunua wala msiponunua.

Umuulize pia kile asichoweza kukiona, maana nahisi unamtegemea akupe uhakika ambao hakuna anayeweza kuutoa. Msingi umefukiwa na nondo za lenta zimo ndani ya zege. Vipo vifaa vya kutafuta nondo ukutani na vya kugonga zege kukisia ugumu wake, ila si kila mkaguzi anavyo. Mengine yatajulikana kwa karatasi tu: michoro ya mhandisi wa mradi, na majibu ya maabara ya zile sampuli za zege ambazo kwa kawaida huvunjwa siku ya 7 na ya 28. Kampuni iliyojenga vizuri huwa nazo. Kuziomba si ugomvi.

Mengi atakayoyafanya ni ya kawaida kabisa. Atagonga marumaru kwa sarafu asikilize zinazolia mvungu. Atamwaga ndoo ya maji bafuni aone kama yanakwenda kwenye tundu au yanarudi mlangoni. Atafungua bomba zote kwa pamoja huku choo kikivutwa. Atapanda darini atazame kenchi, misumari na nafasi kati ya mbao, na kama bati ni za geji mliyouziwa au ni nyepesi zaidi. Atafungua kisanduku cha umeme. Atazunguka nje aone maji ya paa yanaangukia wapi. Baadhi ya hayo hata ninyi wawili mnaweza kuyafanya, na msiyaache kwa sababu ni ya bure. Na kama kuna waliokwisha kuhamia, piga hodi kwa jirani. Mama aliyepitisha masika mle ndani atakwambia habari za chumba cha nyuma bila kutumwa na mtu.

Tuje kwa mjomba, kwa sababu nadhani hapa ndipo panapokuumiza. Nimetafuta kwenye barua yako mahali mjomba aliposema neno kuhusu ukaguzi, sijapaona. Aliyesema ni mume wako, kwa niaba yake. Huenda anamjua vizuri na yuko sahihi. Lakini fikiria kidogo kazi ya mjomba. Yeye ni msimamizi wa saiti. Maisha yake yote kazini ni kukaguliwa: mhandisi mshauri huja, mkadiriaji majenzi huja, bodi huja. Mtu wa namna hiyo anaweza kuuchukulia ukaguzi kwa wepesi kuliko mpwa wake anavyodhani. Na si ajabu yeye mwenyewe anajua habari za ule ukuta na hajapata mtu wa kumwuliza. Au inawezekana ataudhika kweli, kwa sababu ameweka jina lake ofisini kuwaombea lile punguzo na hataki ionekane ndugu zake ni wasumbufu. Hayo yote yanawezekana, na hakuna hata moja mtakalolijua kwa kukisia mkiwa Chang'ombe.

Safari ya Jumamosi kwa siri ninaielewa. Umeambiwa usiulize, na una urithi wa baba mkononi. Lakini hebu tuifuate mpaka mwisho. Tuseme mhandisi anakuta zuio la unyevu halipo. Utakwenda na ripoti hiyo wapi? Kwa kampuni, watauliza huyu aliingia lini na kwa ruhusa ya nani. Kwa mume wako, jambo la kwanza atakalolisikia litakuwa siri, ukuta atausikia baadaye sana. Na mjomba, ambaye pengine angeukubali ukaguzi wa wazi, atakuwa amefanyiwa kwa mgongo. Akikuta nyumba ni nzima, nalo ni gumu kidogo: utakuwa na amani usiyoweza kumweleza mwenzako ilikotoka. Sikukatazi. Wapo waliofanya hivyo wakaokoa pesa zao, wakayabeba yaliyofuata. Nataka tu ujue unachokibeba.

Njia ya wazi nayo ina bei yake. Mkiiomba kampuni kwa barua kwamba mnataka kuleta mkaguzi kabla ya kusaini, wanaweza kukubali. Wanaweza pia kusema wapo wanunuzi wengine wanaosubiri, na mkapoteza kona, punguzo, pengine na ile milioni tano. Angalieni stakabadhi yake inasema nini kuhusu kurudishiwa. Kampuni ikikataa kabisa mtu asiingie, hiyo pia ni taarifa, ingawa haimaanishi lazima kwamba nyumba ni mbovu, wengine wanaogopa usumbufu tu. Namna ya kulifikisha inaweza kupunguza makali. Mume wako anaweza kwenda kwa mjomba mwenyewe, kwa heshima zote, akamwambia: "Mjomba, tunachukua mkopo wa miaka 15, mke wangu aliona unyevu chumba cha nyuma, tunataka mtaalamu autazame na wewe uwepo." Mjomba akiwepo anakuwa mwenyeji wa ukaguzi, na akiwa na maelezo atayatoa pale pale mbele ya mtu anayeyaelewa. Lakini hilo linahitaji mume wako akubali kutamka, na wewe huwezi kutamka kwa kinywa chake.

Ipo njia ya katikati ambayo watu hawaifikirii: kuuacha ukaguzi wa sasa na kuuweka ndani ya mkataba. Yaani mkataba wa mauzo useme kwamba siku ya kukabidhiwa mtakagua na mtaalamu wenu, kasoro zitaorodheshwa na kurekebishwa kabla sehemu ya mwisho ya fedha haijatoka, na kwamba kasoro zitakazojitokeza ndani ya muda fulani, mathalani mwaka mmoja ili ipite masika, zitakuwa juu ya muuzaji. Hapo mjomba hatajwi. Ni masharti ya karatasi, na mnaweza kusema ndivyo wakili alivyotaka. Hatari yake ni kwamba mkishasaini nguvu yenu inapungua, na ahadi ya kurekebisha inaweza kuishia kwenye kopo jingine la rangi. Pia msidanganyike mkiambiwa "nyumba iko kwenye kipindi cha matazamio". Kipindi hicho, ambacho mkandarasi hurekebisha kasoro zinazojitokeza baada ya ujenzi, kwa kawaida ni makubaliano yake na mwenye mradi. Ninyi wanunuzi hamumo, isipokuwa mkataba wenu uwaingize. Kwa hiyo wakili wenu awe wenu kweli, si yule aliyeandaliwa na kampuni.

Na kwa kuwa tumefika kwenye karatasi, niruhusu swali ambalo hukuniuliza. Milioni 22 za kiwanja cha baba yako, na mkopo wa SACCOS unaokatwa kwenye mshahara wako, vinaingia kwenye nyumba iliyoandikwa majina ya nani? Sijasema mume wako ana nia mbaya, barua yako inamwonyesha kama mtu mwenye shukrani na aibu njema. Ila nimeona kwamba fedha nyingi za mwanzo ni zako, na neno la mwisho juu ya ukaguzi limekuwa lake. Huenda sehemu ya kinachokukosesha usingizi si ukuta. Kama ni hivyo, hakuna mhandisi atakayekiona kwa tochi, na ni vizuri ukitamke nyumbani kwa jina lake.

Ukipata jioni yenye utulivu, usianze na neno mhandisi. Anza na kile ulichokiona, wewe na yeye mkiwa pamoja chumba cha nyuma: je, naye aliuona ule unyevu? Aliionaje ile rangi mpya? Mwache aseme. Kisha muulize anachokiogopa hasa kwa mjomba: ni kumvunjia heshima, au ni kusikia jibu ambalo litamlazimu kuchagua? Halafu umwambie cha kwako kuhusu kiwanja cha Mkuranga, maana sina hakika kama anajua ulikiuza kwa shingo upande.

Wakati mnazungumza, ombeni rasimu ya mkataba wiki hii. Wiki tatu ni chache kwa wakili kuisoma na kuirudisha na marekebisho, na njia yoyote mtakayoishika, hata ya kutokagua kabisa, itapitia kwenye karatasi hiyo.

Shangazi